Rangi ya Injini ya Gari la Zamani: Kuitafuta na Kuipaka Katika Hewa ya Mombasa

Mzee mmoja wa Kuze, Mji wa Kale, aliniletea Morris Minor 1000 iliyokaa bandani miaka mingi. Nilipofungua boneti nikakuta injini nyekundu kama pilipili. "Kiwandani haikutoka hivi," akaniambia, "lakini ilikuwaje, nami nimesahau." Kazi ilianzia hapo. Nitakueleza nilivyoifanya, na pale nilipoharibu nitakuonyesha pia.

Hatua ya 1: Iulize injini yenyewe

Usianze na simu. Picha nyingi utakazoziona ni za magari yaliyokwisha kupakwa upya, tena kila kioo cha simu kina rangi zake. Rangi ya kiwandani hujificha mahali ambapo brashi ya fundi aliyekutangulia haikufika: nyuma ya dainamo, chini ya stata, pale mguu wa injini unapokutana na bloku. Nilipoitoa dainamo ya Minor ile pamoja na chuma kinachoishika, nikapata kipande cha kijani kisichozidi shilingi ishirini kwa ukubwa. Kijani kilichoiva, kama jani la mwembe lililokomaa. Ndiyo rangi ambayo BMC, kampuni ya Kiingereza iliyotengeneza Morris, walizipaka injini zao za aina ya A-Series kwenye Minor 1000, za cc 948 kuanzia mwaka 1956 na za cc 1098 kuanzia 1962.

Ukikipata kipande chako, kifute kwa mafuta ya taa na kitambaa laini. Thina itakuondolea ushahidi. Kisha kisugue kidogo kwa kompaundi ya kung'arishia bodi, kwa sababu joto na oili huigeuza rangi ya juu ikawa ya manjano, na ile ya kweli iko chini yake. Kama injini imepakwa mara nyingi, chukua msasa namba 600 na maji, usugue duara dogo mahali pamoja. Tabaka zitajitokeza kama maganda ya kitunguu. Ile iliyogusana na chuma, au na praima (rangi ya msingi) ya kwanza, ndiyo unayoitafuta.

Linganisha pia namba ya injini na ile ya kwenye logibuku. Magari mengi ya umri huu yamebadilishwa injini, na huenda ukahangaika kutafuta rangi ya injini isiyokuwepo tena. Ukikuta A-Series ya rangi ya dhahabu, usiwe mwepesi wa kumlaumu fundi: injini zilizofanyiwa ukarabati na BMC wenyewe na kuuzwa kwa jina la Gold Seal zilipakwa dhahabu. Datsun 1600 SSS na 240Z, zile zilizochukua Safari Rally mwaka 1970, 1971 na 1973, bloku zake ni za buluu na silinda hedi ni alumini tupu. Beetle ya Volkswagen ndiyo kabisa: kasha la injini ni la magnesi na halikupakwa kitu, cheusi ni yale mabati ya kupitishia hewa. Nimeona Beetle imepakwa fedha injini nzima. Inameremeta, lakini si Beetle tena.

Hatua ya 2: Kuchanganyisha

Peleka kipande chenyewe dukani, si maelezo ya mdomo. Mimi nilipeleka kile chuma cha dainamo. Mashine ya kusoma rangi husaidia, lakini mwisho toka nje na kipande mkononi ulinganishe juani, kwani taa za dukani hudanganya.

Sema wazi kwamba unataka enameli ya injini. Bloku yenyewe haina moto mkubwa, huzunguka nyuzi 100 hivi, na enameli nzuri ya injini hustahimili 150 na zaidi. Adui mkubwa ni petroli na oili. Rangi ya mafuta ya madirisha na milango hulainika petroli ikiidondokea, hata kama ilikauka vizuri. Basi paka bati kuukuu kwanza, liache wiki nzima, ulifute kwa kitambaa chenye petroli. Kitambaa kikitoka na rangi, rudisha kopo. Manifoldi ya ekzosi, yale mabomba yanayotoa moshi kwenye injini, usiiguse kwa rangi hii. Ile huweza kupita nyuzi 500, na inataka rangi yake ya moto mkali au iachwe chuma kitupu.

Hatua ya 3: Kuosha, na hapa ndipo nilipoharibu

Kukwangua kwanza. Tumia kikwangulio na brashi ya waya, na uvae barakoa inayofaa, maana rangi za zamani huenda zina risasi. Afadhali kusugua kwa maji kuliko kutimua vumbi. Mchanga wa kupuliza usiukaribie kwa injini iliyofungwa. Chembe moja ikiingia njia ya oili, beringi zimekwisha. Kostiki soda nayo itasafisha chuma vizuri lakini itakula alumini.

Ukishaondoa grisi kwa mafuta ya taa, osha kwa maji moto na sabuni ya unga, brashi ya meno kwenye pembe. Mara ya kwanza nilisuuza kwa maji ya kisima cha gereji. Nikapaka, ikapendeza, mzee akafurahi. Haikutimia wiki tatu, vikatoka vipele chini ya kijani, kuanzia kwenye vizibo vya maji vya ubavuni. Visima vingi vya Mombasa ni vya maji ya chumvi, na chumvi iliyobaki chini ya rangi huendelea kula chuma kimyakimya. Nikakwangua yote upya kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo nasuuzia maji ya mfereji au ya mvua.

Chuma kitupu hapa hakingoji kesho. Ukiosha jioni, asubuhi utakikuta kimevaa wekundu. Osha mapema, puliza kwa kompresa (mwaga kwanza maji yaliyokusanyika ndani ya tangi lake), weka injini juani mpaka iwe vuguvugu ukiigusa, kisha ifute kwa thina. Baada ya hapo usiishike kwa mkono mtupu. Jasho nalo ni chumvi.

Hatua ya 4: Kuziba

Funga plagi kuukuu kwenye matundu yake. Milango ya manifoldi izibe kwa kadibodi na masking tepu; vitambaa husahaulika ndani. Nyuso za gasketi na namba ya injini zisipate rangi nzito. Kiwandani injini ilipakwa ikiwa imefungwa, hivyo kingo za gasketi zikipata kijani ndiyo uhalisi wenyewe. Na tafadhali, usipake puti kwenye bloku ili iwe laini kama mlango. Chuma kilichomiminwa kwenye kalibu kina ukwaru wake.

Hatua ya 5: Kupaka

Mimi hupaka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, wakati umande umekwisha na unyevu umepungua. Unyevu ukipita asilimia 85 acha kabisa. Wakati wa masika, Aprili na Mei, heri ufanye kazi nyingine.

Paka koti jembamba la praima, ukitumia ya asidi kwenye alumini, kisha makoti mawili au matatu mepesi ya rangi, dakika kumi hadi kumi na tano katikati, bunduki ikiwa sentimita 20 hadi 30 mbali. Rangi nene hubanduka. Kwa makopo ya kupuliza, soma muda wa kurudia: mengi hutaka umalize ndani ya saa moja au usubiri siku kadhaa, la sivyo koti la chini hukunjamana. Rangi zenye hadina (dawa ya kuigandisha rangi) ya kuchanganya ni sumu kwa mapafu, na barakoa ya vumbi haifui dafu. Kama huna vifaa, chukua brashi nzuri na enameli ya kawaida ya injini. Ile Minor niliipaka kwa brashi mara ya pili, na hakuna aliyejua.

Hatua ya 6: Kuwasha

Ngoja wiki. Washa dakika kumi bila kukanyaga mafuta, zima, iache ipoe kabisa, rudia mara mbili tatu huku ukiongeza muda. Harufu kidogo ni kawaida.

Rangi iliyobaki itie kwenye chupa ndogo ya kioo, ujaze mpaka juu hewa isibaki, na uandike mchanganyo wake kwenye karatasi uibandike. Mzee aliipokea yake, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka buti pamoja na jeki.