Funika mdomo wa eya klina kabla ya kuosha injini

Kwa mnaoshuka kutoka Newala na vumbi jekundu mpaka ndani ya boneti: acha injini ipoe, kisha funika mdomo wa eya klina (kichujio cha hewa ya injini), alteneta, koili na boksi la fyuzi kwa nailoni nzito (ile ya godoro jipya inafaa sana), kaza kwa mpira wa tyubu. Maji hayagandamiziki, tofauti na hewa. Yakiingia kwenye silinda, konrodi (chuma kinachounganisha pistoni na kranki) inaweza kupinda ukiwasha. Yakituama tu kwenye mashimo ya plagi, injini inamisi (inakatakata). Maji ya mashine ya presha yanaweza kupenya hata ukifunika kwa nailoni, kwa hiyo kwenye sehemu hizo tumia brashi na kitambaa kibichi. Vua nailoni kabla ya kupiga stata. Ukikuta eya klina imelowa, usiwashe. Itoe ikauke kwanza.