Somo: Kurudisha faili za mpangilio kwenye mfumo unaoongoza rauta ya SDI bila kukata matangazo

Wakuu, salaam. Somo hili ni la mafundi wa vyumba vya mitambo, hasa ninyi wa vituo vya hapa Dar es Salaam ambao usiku mnabaki wawili, au mmoja, na mtambo mzima. Nazungumzia rauta ya SDI (njia ya kusafirisha picha ya dijitali kwa kebo), ile inayopokea picha kutoka studio, maktaba na viungo vya nje kisha kuzigawa zinakohitajika. Siyo rauta ya intaneti. Mfumo unaoiongoza ni kitu cha pembeni yake: kompyuta au kadi ya kidhibiti, paneli za vitufe, na faili zinazosema chanzo gani kinaitwaje, kinaingilia soketi ipi na kitufe kipi kinakiita. Kuzirudisha faili hizo zikiharibika siyo kazi ya kunakili tu. Nawaomba mshike hili: ni seti moja. Zinarudi zote pamoja, au hazirudi.

Kabla ya yote, usizime chasi (sanduku la rauta lenyewe)

Kidhibiti kikifa, picha hazifi. Kadi za matriksi, zinazounganisha vyanzo na vifikio ndani ya chasi, zinaendelea kushikilia krospointi (muunganisho wa chanzo na kifikio) ya mwisho iliyoamriwa, ndiyo maana taarifa ya habari ya saa mbili usiku inaweza kwenda hadi mwisho huku kompyuta ya kuongozea imelala. Anayeharibu ni fundi mwenye haraka anayezima kila kitu na kuwasha upya. Kuna chasi ambazo zikiwaka hukumbuka hali ya mwisho, na kuna zinazoanza chanzo 1 kwenda kifikio 1 (kifikio ni mahali picha inakopelekwa), cha 2 kwenda 2, hivyo hivyo hadi mwisho. Kama hujui yako ni ya aina gani, usiijaribu kituo kikiwa hewani.

Mwambie mtu wa masta kontroli, chumba kinachorusha matangazo hewani, unachotaka kufanya. Chukua kebo ya pachi, pitisha programu (picha iliyo hewani) kwenye pachi paneli, ubao wa soketi za kuunganisha kebo kwa mkono, moja kwa moja hadi kwenye enkoda inayoipeleka kwenye matangazo, isipite kwenye rauta. Huna pachi paneli? Subiri saa nane usiku. Mechi ya Simba na Yanga siyo wakati wa kurudisha faili, hata mkubwa wa zamu akishinikiza.

Hatua ya 1: hakikisha ugonjwa ni faili

Paneli zote zikiwa giza, anza na umeme na swichi ya mtandao. Paneli moja tu ikikataa, angalia anwani yake ya IP na kebo. Kifikio kimoja kikigoma kubadilika, huenda kuna mtu amekifunga kwa paneli nyingine. Hilo hutokea sana na mtu anakimbilia bekapu bure. Ugonjwa wa faili una sura yake: paneli zinawaka lakini hazina majina, au majina yapo na kitufe kinaleta picha isiyo yake, au picha inabadilika na sauti inabaki ya zamani.

Hatua ya 2: tunza kilichopo, hata kama kimeharibika

Nakili folda nzima ya mpangilio uliomo sasa. Ipe jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili folda zijipange zenyewe kwa mfuatano. Faili mbovu ina thamani: mara nyingi kilichoharibika ni mistari michache, na mabadiliko ya wiki iliyopita ambayo hayamo kwenye bekapu yoyote yamo humo.

Kisha iulize rauta yenyewe krospointi zake zikoje sasa hivi. Wenye Blackmagic Videohub wana bahati: ukiunganisha kwa TCP kwenye mlango 9990, inakumwagia majina ya vyanzo na vifikio, vifikio vilivyofungwa na njia zote kwa maandishi ya kawaida. Hifadhi maandishi hayo. Kwenye mitambo mingine, piga picha skrini ya kompyuta na kila paneli kwa simu.

Hatua ya 3: chagua bekapu

Hapa ndipo watu wanaumia, kwa hiyo nakaa kidogo.

Faili zinaitana kwa namba, siyo kwa majina. Tuseme jedwali la vyanzo linasema chanzo 37 ni KAMERA 2. Faili ya paneli hailijui jina hilo. Inajua tu kwamba kitufe cha 14 kinaita chanzo 37. Baadaye mkaongeza kiungo cha Dodoma kwa ajili ya Bunge, mkakiweka katikati ya jedwali. Kwenye mfumo unaohesabu kwa mfuatano wa mistari, vyote vilivyo chini yake vinasogea, na KAMERA 2 inakuwa 38. Sasa rudisha jedwali jipya la vyanzo pamoja na faili ya zamani ya paneli. Kitufe cha 14 kitaleta kile kilichosogea kikakalia 37. Hakuna taa nyekundu itakayowaka, kwa sababu kila faili peke yake ni nzima. Watazamaji ndio watakaowajulisha.

Kwa hiyo usiokote faili moja kutoka bekapu ya Machi na nyingine ya Agosti kwa kuwa "hii inaonekana nzuri zaidi". Vyanzo, vifikio, leveli (matabaka kama picha na sauti, kila moja likiongozwa peke yake), paneli, amri za mkupuo (kitufe kimoja kuhamisha vifikio vingi) na njia za kuunganisha rauta mbili, zote zitoke siku moja. Ukiona bekapu mpya ina pengo, rudi kwenye ya zamani iliyokamilika, kisha ongeza mabadiliko kwa mkono ukiwa ndani ya programu ya mfumo.

Usiamini tarehe ya faili peke yake. Kompyuta nyingi za mitambo zina betri ya saa ya CR2032 iliyokwisha siku nyingi, na umeme ukikatika saa inarudi miaka nyuma. Fungua faili utafute badiliko unalolijua: kiungo kipya kimo? Studio iliyovunjwa bado imo? Angalia pia toleo la famwea ya kidhibiti, yaani programu iliyomo ndani yake. Mpangilio ulioandikwa kwa toleo jipya unaweza kukataliwa na la zamani, au kusomwa nusu, na kusomwa nusu ndiko kubaya zaidi.

Hatua ya 4: hamisha

Laptopu iwe kwenye mtandao wa mitambo tu, Wi-Fi izimwe. Vidhibiti vingi vya zamani vinapokea faili kwa TFTP (njia rahisi ya kuhamisha faili mtandaoni), mlango 69 wa UDP, na ukuta wa moto wa Windows huuzuia bila kusema neno. Faili zilizotoka kwenye CD hubeba alama ya kusomwa tu, iondoe. Kidhibiti cha Linux kinatofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili, na huenda kikakwama kwenye alama za mwisho wa mstari za Windows.

Majedwali ya CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa mikato), tafadhali, msiyafungue kwa Excel mkayahifadhi. Inakula sufuri za mbele, 007 inakuwa 7, na chanzo kilichoitwa 1-2 kinageuka tarehe. Tumia kihariri cha maandishi matupu.

Ukimaliza kunakili, linganisha alama za SHA-256 (kama alama ya kidole ya faili) za faili ya bekapu na ya nakala. Kwenye Windows amri ni certutil -hashfile, ikifuatiwa na jina la faili na SHA256. Kwenye Linux ni sha256sum. Herufi moja ikitofautiana, nakili upya. Flashi za bei ya chini siziamini kwa kazi hii.

Hatua ya 5: pakia

Kama mna vidhibiti viwili, kimoja kazini na kingine cha akiba, chomoa kwanza kebo inayowaunganisha. Mifumo ya namna hii husawazisha: kilicho kazini kinamsukumia mwenzake mpangilio wake. Ukirudisha faili nzuri kwenye cha akiba huku wameungana, kile kigonjwa kitaifuta kazi yako mbele ya macho yako. Pakia kwenye cha akiba kikiwa peke yake, kiwashe upya, kijaribu, ukibadilishe kiwe cha kazini, ndipo umrudishe mwenzake apokee.

Hatua ya 6: jaribu kwa macho na masikio

Tumia kifikio kisichokwenda hewani, mfano monita ya chumba cha mitambo. Omba kila studio itoe baa za rangi zenye jina lake pamoja na mlio wa kHz 1. Pita chanzo kimoja kimoja. Jaribu cha kwanza, cha mwisho, na vile vya mipakani ambapo kadi moja inaisha na nyingine inaanza. Amri za mkupuo ziache mwisho, maana kitufe kimoja kinahamisha vifikio vingi.

Picha ikiruka unapobadilisha, tazama kama mpangilio umerudi na mstari wa kubadilishia wa kiwandani, yaani mstari wa picha ambapo rauta huhama kutoka chanzo kimoja kwenda kingine. Kwa mfumo wetu wa Hz 50, picha ya mistari 625 hubadilishwa kwenye mstari wa 6 na 319. Ya 525, ya mifumo ya Hz 60, ni mstari wa 10. HD ya 1080 ni mstari wa 7. Hakikisha pia kebo ya rejea, inayoipa rauta mapigo ya kwenda sambamba na mitambo mingine, imechomekwa.

Ukiridhika, toa bekapu mpya siku hiyohiyo, nakala moja ikae nje ya jengo.

Maswali ya wanachama

Fundi wa Kimara: Mwalimu, shikamoo. Nimerudisha kwa maandishi kupitia ule mlango 9990. Majina yamekubali ila yote yamesogea moja. Kamera 1 inaonekana kwenye nafasi ya pili.

Jibu: Marahaba. Mlango ule unahesabu kuanzia 0, ilhali maandishi ya nyuma ya chasi yanaanzia 1. Soketi ya kwanza ni 0. Punguza moja kwenye kila mstari, utume upya, na ukumbuke mstari mtupu mwishoni mwa kila fungu. Ikijibu ACK imekubali, NAK imekataa.

Mdau wa gari la OB (la matangazo ya nje ya studio): Mkuu, sisi hatuna bekapu yoyote. Aliyefunga mtambo alishaondoka.

Jibu: Pole ndugu. Jaribu kuvuta mpangilio kutoka kwenye kidhibiti chenyewe kabla hakijazimwa. Mara nyingi kilichokufa ni kompyuta, kidhibiti bado kina nakala. Ikishindikana, fuata kebo. Mmoja akae kwenye monita, mwingine achomeke jenereta ya baa kwenye kila chanzo, mwandike namba ya soketi. Kwa gari ni kazi ya siku moja. Andikeni kwenye daftari kwanza, kompyuta baadaye.

Mwanachama wa Mbagala: Kwetu kila umeme ukikatika mpangilio unarudi wa zamani. Tumeshapakia mara nyingi tu.

Jibu: Mnapakia kwenye kumbukumbu ya muda. Tafuteni amri ya kuhifadhi kwenye kumbukumbu ya kudumu, ni kitendo cha pili tofauti na kupakia. Sababu nyingine ni mfuatano wa kuwaka: kidhibiti kinachoomba faili zake kwa BOOTP (njia ya kupata anwani na faili kutoka kwa seva wakati wa kuwaka) kikiwaka kabla ya seva, kinakosa jibu na kutumia nakala ya zamani iliyomo ndani. Washeni swichi ya mtandao, kisha seva, kisha kidhibiti, paneli mwisho. Na seva hiyo iwe kwenye UPS.

Fundi sauti, Sinza: Picha inabadilika, sauti inabaki ya studio.

Jibu: Jedwali la leveli limerudi la enzi sauti ilipokuwa na rauta yake. Sasa sauti yenu imo ndani ya SDI, ambayo kwa HD inabeba hadi chaneli 16, kwa hiyo inasafiri na picha. Kuna mahali sauti inatolewa upya na kuongozwa kwa leveli ambayo paneli haiigusi tena. Iondoe leveli hiyo kwenye kifikio husika au iunganishe na ya picha.

Dada wa Kigamboni: Nimehariri faili ya XML kubadilisha majina tu, mfumo umegoma kuisoma yote. Nimeweka HABARI & MICHEZO.

Jibu: Dada, ni hiyo alama ya & iliyo peke yake. XML haiikubali; andika & au weka NA. Jina kama NG'AMBO nalo liangalie: thamani ikiwa imezungushiwa alama moja ya kunukuu, ile ya katikati inaikata. Halafu paneli za zamani zinaonyesha herufi 8 tu, kwa hiyo HABARI NA MICHEZO itaonekana HABARI N. Andika HAB-MICH.