Gogogo mdogo mwenye madoa: namna ya kumjua ni spishi gani

Kibandiko cha dukani kikisema "petricola", yaani Synodontis petricola, kichukue kama dokezo tu. Nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika hapa Dar es Salaam, na naona jina hilo likibandikwa kila gogogo mdogo mwenye madoa meusi na mapezi ya kingo nyeupe. Ziwani wako kadhaa wenye sura hiyo. Watatu walipewa majina ya kisayansi mwaka 2006 tu, wanasayansi Wright na Page walipoipitia upya jamii nzima ya Synodontis, yaani gogogo, wa Tanganyika.

Hakikisha kwanza ni gogogo. Hana magamba. Ana jozi tatu za sharubu: moja ya juu, ndefu na laini, na mbili za chini zenye vitawi vidogo. Fuvu lake gumu linaendelea nyuma mpaka kwenye mwiba wa pezi la mgongoni. Ukiona safu mbili za vigae vya mfupa ubavuni, huyo ni Corydoras, kambare mdogo wa Amerika Kusini.

Usimkamate kwa wavu, nakusihi. Akishtuka, miiba ya mgongoni na kifuani hutanuka ikajifunga, inanasa kwenye nyuzi, na kumnasua ni kumuumiza. Mimi naweka kipande cha bomba la plastiki tangini. Mchana analala humo, kwa hiyo naziba ncha zote mbili kwa viganja na kumtoa na maji yake. Mmiminie kwenye kijitangi chembamba cha kioo chenye maji yaleyale, karatasi nyeupe nyuma, rula pembeni. Ukisikia anakwaruza, ni mwiba wa kifuani unasugua kwenye kiungo chake. Mwache atulie, maana woga humpausha rangi. Kisha piga picha tatu: ubavuni, juu, na tumboni kupitia kioo cha chini. Urefu pima kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia, bila pezi lenyewe.

Sasa kuza picha na uanze na mapezi, kwani hapo ndipo penye jibu mara nyingi. Tazama pezi la mgongoni: lina pembetatu nyeusi yenye ukingo mweupe. Je, weusi unafika mpaka mwilini? Kwa petricola unafika. Kwa spishi nyingine, lucipinnis, kuna kidirisha cheupe pale pezi linapoota, na utakiona tena kwenye mapezi ya kifuani na ya chini. Jina lake lenyewe limetokana na weupe huo. Huyu ndiye ninayemkuta sana akiuzwa kwa jina la petricola, na kwa kawaida ndiye mdogo zaidi kati ya hao wawili.

Halafu tumbo na jicho. Tumbo likiwa halina madoa na jicho ni kubwa, fikiria spishi ya tatu, multipunctatus. Lakini ana pacha wake, grandiops, mwenye jicho kubwa zaidi. Hapo hesabu vijiti laini vya pezi la kifuani, mwiba usiuhesabu: multipunctatus ana vinane, grandiops saba. Tabia nayo inasaidia. Multipunctatus hupenyeza mayai yake kwa samaki aina ya sikilidi wanaolea watoto mdomoni, jambo lililoripotiwa kisayansi mwaka 1986, ilhali petricola na lucipinnis hutaga wenyewe mapangoni.

Idadi ya madoa isikusumbue, inatofautiana mno kati ya samaki na samaki.

Muulize muuzaji samaki alivuliwa wapi: Kigoma, Rumonge, Kalemie, Mpulungu? Akijibu kwamba amezalishwa shambani, ongeza tahadhari, kwa sababu machotara wa Synodontis wapo sokoni. Ishara zikigongana, yaani kidirisha kwenye pezi moja na jingine halina, au madoa yameungana kuwa michirizi, andika "Synodontis sp." (yaani spishi haijajulikana) pamoja na mahali alikotoka, na usimzalishe ukauza watoto wake kwa jina la petricola.