Jakuzi liko Kabale, wewe uko Leicester: namna ya kuwazuia panya

Mwezi wa Oktoba mlinzi wa nyumba yetu ya Kabale, Uganda, alinipigia simu huku Leicester, Uingereza, akaniambia, "Mama, kuna kitu inakwaruza usiku ndani ya ile maji moto." Nikamjibu kwamba huenda ni pampu inajiwasha, nikarudi kwenye shughuli zangu. Tulipofika Desemba, mimi, mume wangu na watoto, jakuzi letu, lile beseni kubwa la kuogea maji moto, lilikuwa limepoa kama kisima. Swichi yake kwenye boksi la umeme ilikuwa imejizima, na kila tulipoirudisha iliruka tena. Fundi alipofungua paneli ya ubavuni tukakuta kiota kikubwa kama kapu la mayai: sponji iliyosagwa, manyoya ya kuku, nyuzi za gunia na vipande vya risiti za Yaka, ule umeme wa kulipia kabla. Waya wa kihisi joto ulikuwa umegugunwa mpaka shaba inaonekana, na vijipaipu viwili vya hewa vimetobolewa. Fundi yule alitoka Kampala, safari ya zaidi ya kilomita 400, na vipuri vikaagizwa nje. Likizo yote watoto walilitazama tu lile jakuzi likiwa limefunikwa.

Nayaandika haya kwa wenzangu ambao tumejenga Uganda huku tukiishi mbali. Wengi huweka jakuzi nyuma ya nyumba kwa ajili ya Krismasi na kwa wageni wa kupangisha, iwe ni Entebbe, Jinja, Fort Portal au huku kwetu milimani ambako usiku unakulazimu kuvaa sweta. Nyumba ikishajengwa tunahesabu ukuta, geti na mlinzi, tunadhani tumemaliza ulinzi. Panya haingilii getini.

Kwetu Tanga husemwa kwamba panya huuma huku akipuliza, ndiyo maana aliyelala hasikii. Jakuzi linaliwa hivyohivyo. Ukilitazama kwa nje ni zima, maji yako safi, mfuniko umekaa sawa. Kazi inafanyika ndani ya kabati, yaani ile nafasi iliyo kati ya beseni na paneli za nje. Humo mna pampu na hita zinazotoa joto, mna giza, hamna mvua, na kuta zake zimejazwa sponji ngumu ya kuhifadhi joto, ambayo kwa panya ni godoro lililoletwa mpaka mlangoni. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima agugune kitu, na vilivyo karibu ni waya na paipu laini.

Tundu la milimita 6 linamtosha panya mdogo wa nyumbani. Chukua penseli: inapopenya, naye anaweza kupenya. Panya wakubwa wanahitaji kama milimita 12 hivi. Ukitembea na penseli kuzunguka jakuzi lako utashangaa, kwa kuwa mahali penyewe ni pengi: pale waya wa umeme unapotokea ardhini, kwenye matundu ya hewa ya paneli, kwenye kona ambako paneli mbili hazikukutana vizuri, chini ya ukingo kama zege halikusawazishwa, na kwenye mdomo wa paipu ya kumwagia maji. Letu walipita kwenye tundu la waya. Waliotufungia jakuzi walitoboa nafasi ya kupita ngumi ili waya mmoja uingie, wakaiacha wazi.

Miongozo mingi utakayosoma ukiwa Uingereza au Kanada imeandikwa kwa nchi za theluji. Inakwambia panya watakuja majira ya baridi, na inakuonya usimwage maji ovyo kwa sababu yanayobaki kwenye paipu yataganda na kuzipasua. Kabale ina baridi, lakini si baridi ya kugandisha paipu. Kalenda ya panya wetu inafuata shamba. Mvua za Machi hadi Mei zinapokatika na maharage na mtama kuvunwa, chakula kinaondoka kondeni, na wale waliozaliana humo wanatafuta pa kuhamia. Panya shamba, yule jike mwenye matiti mengi anayejulikana Afrika Mashariki nzima, anaweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo mmoja. Kama uzio wako umepakana na shamba la jirani, na kwenye matuta ya Kabale ni nani asiyepakana nalo, basi ukaguzi mkubwa ufanyike kabla ya mavuno. Desemba ukiwa umeshashuka Entebbe na masanduku yako, umechelewa.

Kuziba ndiyo kazi yenyewe

Kama hujajenga, una bahati. Mwaga zege lililonyooka, lizidi kabati kwa nusu mita kila upande, ili panya asichimbe kutokea chini na ili atakayekuja akatize mahali peupe. Sisi tulikuwa tumeshaliweka jakuzi, kwa hiyo tulianza na kuzima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye vibonyezo vya jakuzi, kisha tukafungua paneli zote nne. Umeme wa Uganda ni volti 240, na humo ndani kuna waya uliogugunwa karibu na maji. Kazi ya nyaya mwachie fundi umeme, na swichi ikijizima usiilazimishe kama tulivyofanya sisi. Inapojizima inakwambia kitu, na usimruhusu mtu kuingia majini mpaka kijulikane ni kitu gani.

Kwenye tundu la waya tulishindilia waya wa kusugulia sufuria, ule usioshika kutu, kuuzunguka waya wa umeme kwa upande wa nje, halafu tukafunika kwa saruji. Ule wa kawaida unaooza kwa unyevu hautafika msimu wa pili. Usikubali fundi akuzibie kwa povu la kopo peke yake. Linapendeza likishakauka, lakini panya analitafuna kama mkate.

Kwenye matundu ya hewa weka wavu wa chuma wenye vitundu visivyozidi milimita 6, uukaze kwa skrubu na washa pana (vile vijiringi bapa vya chuma) kwa upande wa ndani. Wavu wa kuku una matundu makubwa, haufai. Na matundu ya hewa hayazibwi kabisa kwa bati wala mbao hata ukiwa na hasira kiasi gani, maana pampu na vifaa vya umeme vikikosa hewa vitaungua, na hasara itazidi ile ya panya. Chini ya ukingo tulizungusha utepe wa bati ulioshuka mpaka kwenye zege. Paneli ya upande wa pampu tuliiacha iweze kufunguka kwa skrubu nne tu, na sababu yake nitaifikia.

Mfuniko nao uangalie. Ukingo wake ukiwa umekunjamana au kamba zake hazifungwi, panya hujificha kwenye kunjo, na wengine huanguka majini.

Mazingira ya nje sitayasemea sana. Kuni zisiegemezwe kwenye jakuzi, gunia la chakula cha kuku lihamie kwenye pipa lenye kifuniko, parachichi zilizoanguka ziokotwe, na nyasi zikatwe ziwe fupi kwa mita moja kuzunguka. Mipira ya nafthalini, mafuta ya mnanaa na vile vifaa vya sauti usiyoisikia visikule pesa: harufu huisha, na sauti haivuki paneli.

Maji yabaki au yamwagwe?

Hapa watu hubishana. Wengine huliacha jakuzi likiwaka mwaka mzima ili mitambo isilale. Mimi nasema kama utakuwa mbali zaidi ya mwezi na nyumba haina wapangaji, mwaga. Joto ndilo linalowaita, na pia unalipia Yaka ili panya walale pazuri. Zima kwenye swichi kuu, mwaga maji yote, futa beseni likauke, na maji yaliyobaki kwenye paipu yatolewe kwa mashine ya kufyonza maji kama fundi anayo. Siku ya kurudi usilijaze na kuingia papo hapo. Lijaze, tia klorini ya kutosha, washa pampu izungushe maji, yamwage, ndipo ujaze ya kuogea, kwa sababu maji yaliyolala kwenye paipu huotesha vijidudu.

Ila jakuzi kavu bado ni nyumba nzuri kwa panya. Kulimwaga hakuondoi haja ya kuliziba.

Sumu

Tulipokiona kile kiota, wazo la kwanza la kila mtu nyumbani lilikuwa sumu. Ni rahisi, inatembezwa sokoni na wachuuzi wenye vipaza sauti, pakiti ndogo ambazo mara nyingi hazina hata maandishi ya kukueleza ni kitu gani. Nakuomba sana usiiruhusu. Panya aliyekula sumu hafii mbele yako. Anarudi kiotani, ndani ya sponji nyuma ya beseni, mahali ambapo mkono haufiki, na uvundo wake utakaa wiki kadhaa. Paka au bundi akimla yule aliyelegea, naye anaweza kufa, na paka na bundi ndio waliokuwa wanakusaidia bure. Zaidi ya yote kuna watoto: wako wanaokuja Desemba, na wa majirani wanaokatiza uani miezi yote 11 mingine.

Tumia mitego ya kubana. Itege kandokando ya ukuta na ya zege, kichwa cha mtego kikielekea ukutani, maana panya hutembea akiugusa ukuta na hapendi kukatiza uwazi. Chambo kiwe kidogo, siagi ya karanga au dagaa mmoja wa mukene aliyefungwa kwa uzi ili asinyakuliwe bure. Mitego ikaguliwe kila asubuhi. Ile ya gundi siitaki, mnyama anakufa kwa siku nzima akilia. Na mpangilio huu uzingatie: tega kwanza mpaka usiku kadhaa upite bila kunasa, nyunyiza unga kidogo kuzunguka jakuzi jioni isiyo na mvua uone kama kuna nyayo, ndipo uzibe tundu la mwisho. Ukiziba wakiwa ndani, watatafuna kila kitu wakitafuta kutoka.

Wakati wa kusafisha kiota, usifagie kikavu. Vumbi la kinyesi na mkojo wa panya halifai kuvutwa. Acha paneli wazi nusu saa, vaa glavu na barakoa, lowesha kila kitu kwa Jik, sehemu moja kwa sehemu 9 za maji, subiri dakika 5, kisha kusanya kwenye mfuko na ufunge. Ukikuta panya amefia majini, mtoe kwa wavu, mwaga maji yote, sugua kwa klorini, jaza upya. Mkojo wa panya hubeba leptospira, bakteria wa ugonjwa, ambayo huingia mwilini kupitia michubuko, macho na mdomo, na mtu akipata homa baada ya kazi hiyo amwambie daktari kwamba alishika mambo ya panya. Wenye nyumba upande wa West Nile, huko Arua na Zombo, wawe waangalifu zaidi: tauni haijaisha kule, inasafiri na viroboto, na viroboto humhama panya akishakufa. Kwa hiyo panya aliyekufa hashikwi kwa mkono mtupu.

Mlinzi wako ndiye anayekaa na jakuzi

Mlinzi wetu ni mzee mstaafu wa jeshi. Mimi Rukiga, lugha ya huku Kabale, sijui, yeye Kiingereza hakitaki, tunaelewana kwa Kiswahili, chake cha kambini na changu cha pwani. Baada ya ile Desemba nilimwomba radhi kwa ile simu ya Oktoba. Akanijibu, "Mama, mimi nilisema, lakini hiyo mlango mulinikataza kufungua." Ni kweli. Tulikuwa tumemkataza asiguse chochote cha jakuzi, tukitunza kitu cha bei.

Sasa ana bisibisi yake na ruhusa yake. Fundi umeme alimwonyesha swichi kuu, akamfanya aizime na kuiwasha mara tatu mbele yetu. Tarehe mosi ya kila mwezi anazima umeme, anafungua zile skrubu nne, anamulika kwa tochi, anapiga picha tatu: pampu, tundu la waya, na kona ya nyuma ambako kiota kilikuwa. Ananitumia kwa WhatsApp. Kazi hiyo ina malipo yake juu ya mshahara, hatutegemei hisani yake. Akiona kinyesi kama punje ndogo nyeusi za mchele, au akisikia mkwaruzo, anapiga simu siku hiyohiyo, na fundi analipwa kutoka fedha tuliyomwachia mdogo wa mume wangu pale Kabale mjini, ili asisubiri mimi nitoke kazini Leicester.

Mwezi uliopita picha ya nne ilikuja bila kuombwa. Mzee ameshika penseli, imeingia nusu chini ya utepe wa bati uliolegea kwa mvua. Chini yake ameandika: "Hapa inapita. Nimeshaita fundi."