Kufufua Usukani wa Lori la Zamani la Kijeshi kwa Mmiliki Aliye Malindi

Usukani wa malori ya kijeshi ya enzi ya Bedford QL, lori lililoundwa Uingereza kati ya 1941 na 1945, kwa kawaida ni duara la chuma lililovikwa mpira mgumu au plastiki ya kale. Gamba hilo husinyaa kadiri miaka inavyopita, ilhali chuma hubaki kilivyo, ndipo nyufa hutokea, hasa mikono ya usukani inapoungana na duara. Malindi hewa ya bahari huingiza chumvi katika nyufa hizo, chuma kikashika kutu, na kutu ikifura huzidi kuupasua mpira kutoka ndani. Kwa hiyo kupaka rangi ni sehemu ndogo ya kazi. Kubwa ni kuusafisha ufa mpaka chumani.

Kwanza ondoa waya wa betri, nyoosha magurudumu ya mbele, kisha utie alama kwenye shafti na kwenye kitovu cha usukani. Legeza nati lakini uiache imeshika nyuzi chache, kwa maana usukani uliogoma huweza kufyatuka ghafla ukampiga fundi usoni. Tumia pula, yaani kifaa cha kuvutia usukani utoke kwenye shafti; nyundo huharibu nyuzi za shafti.

Osha usukani kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na sabuni, kwa kuwa chumvi ikisalia chini ya rangi italeta malengelenge. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, hivyo ni afadhali kutumia ya mvua. Ukishakauka, panua kila ufa kwa msumeno wa chuma na tupa ndogo hadi uwe na umbo la herufi V, ukwangue kutu yote, kisha upanguse kwa spiriti. Jaza kwa gundi nzito ya epoksi ya sehemu mbili, ipite kidogo usawa wa mpira. Bodifila ya kawaida, ile ya kujazia mabonde ya bodi ya gari, haifai, kwani ni kavu mno na usukani hupindika kidogo unapovutwa. Joto la Malindi huigandisha epoksi upesi, kwa hiyo changanya kidogo kidogo, kisha uiache saa 24. Piga msasa namba 80, 180, halafu 320 wenye maji. Vishikio vya vidole upande wa chini vifuate kwa msasa uliozungushwa kwenye kipande cha bomba.

Ning'iniza usukani kwa waya uliopitishwa kitovuni, mahali palipokingwa na upepo. Paka rangi asubuhi baada ya umande kukauka, kabla upepo wa kusi haujaanza kurusha mchanga. Baada ya praima, yaani rangi ya msingi, rangi nyeusi ya kung'aa katika tabaka tatu nyembamba hushinda tabaka moja nene, ambalo hutiririka. Wapo wanaoupaka usukani kijani cha bodi. Mimi naona hilo ni kuharibu sura ya gari. Subiri wiki moja kabla ya kuurudisha, alama zikikutana.