Kidato cha nne: kazi ya mzazi kuanzia mock hadi Novemba

Mtihani wa taifa wa kidato cha nne Tanzania hufanyika Novemba, na mock ya mkoa, yaani mtihani wa majaribio, huwa imepita miezi kadhaa kabla. Katikati hapo ndipo mzazi ana nafasi halisi ya kusaidia. Huhitaji kujua fizikia. Unahitaji kujua mwanao anapoteza alama wapi, anasoma muda gani na analala saa ngapi. Wazazi wengi hukimbilia kulipia tuisheni nyingine kabla hawajajua hata moja kati ya hayo.

Omba karatasi, ripoti haitoshi

Ripoti ikisema "Kemia 41, D", imeishia hapo. Mwambie mtoto alete karatasi za mock zilizosahihishwa, mkae mezani mzipitie swali kwa swali, somo moja kwa jioni moja. Kila alama iliyopotea iingie kwenye fungu lake: hakujua kabisa, alijua lakini hakuelewa swali linataka nini, alijua lakini Kiingereza kilimshinda, au muda ulimwishia. Tuisheni hutibu fungu la kwanza tu, tena si kila mara.

Fungu la Kiingereza ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, maana karibu masomo yote hufanywa kwa lugha hiyo. Njia inayofaa ni hii: mtoto akueleze jibu kwa Kiswahili, kwa mdomo, bila daftari. Ukielewa, basi analijua. Kisha aandike sentensi tatu au nne fupi za Kiingereza na kumpelekea mwalimu wa somo azipitie. Mzazi asiyejua Kiingereza anaisimamia hatua ya kwanza vizuri kabisa, pengine kuliko msomi, kwa sababu hadanganyiki na maneno ya kukariri.

Fungu la kutoelewa swali hutibiwa kwa kalamu. Kabla ya kujibu, apige mstari chini ya neno la amri, mfano "eleza" au "taja", na chini ya idadi inayotakiwa. Swali likitaka hoja tano zenye maelezo, kuorodhesha hoja tano bila maelezo kunamnyima sehemu kubwa ya alama hata kama hoja zote ni sahihi.

Piga hesabu ya pointi

Gredi A huanzia alama 75, B 65, C 45, D 30. Chini ya hapo ni F. A ni pointi 1, F ni pointi 5, na huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Jumla ya 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne.

Sasa tazama. Mwenye 41 ya Kemia na 43 ya Jiografia amebakiza alama nne na mbili kufika C, na kidato cha tano kinataka angalau C tatu. Saa za ziada ziende huko kwanza. Kupandisha Historia kutoka 66 hadi 72 kunafurahisha, ila pointi hazisogei.

Hisabati huangusha wengi kila mwaka, na kosa la kawaida ni kutaka kurudia mada zote za miaka minne. Sehemu A ya karatasi ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B maswali manne ya alama 10. Mwenye alama 12 achague mada tano zinazojirudia, kwa mfano seti, vipeo na logi, mfuatano wa namba, takwimu na matriki, azifanye hadi mkono uzizoee. Apate 30 kwanza, mengine yafuate.

Jioni ya siku ya shule

Kijana wa umri huu anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Anayeamka saa 11:30 alfajiri awe kitandani saa 3:30 usiku. Kukesha hadi saa 7 kunaonekana kama bidii, lakini kesho yake anasinzia darasani na alichosoma hakikai.

Ratiba inayowezekana kwa mwanafunzi wa kutwa: somo gumu kuanzia saa 12:30 hadi 1:15, kupumzika dakika 10, somo la pili hadi saa 2:10, chakula, kisha nusu saa ya kurudia ya jana. Jumla ni saa mbili, na zinatosha zikiwa saa mbili kweli. Simu ikae chumbani kwako. Kama nukuu ziko kwenye kundi la WhatsApp, azinakili daftarini mapema.

Kusoma kusiwe kupitisha macho kwenye daftari. Asome ukurasa, afunge, aandike anachokumbuka, afungue, asahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine.

Na kazi za nyumbani tuzitazame kwa haki. Nyumba nyingi binti huosha vyombo, hupika na hulea wadogo zake huku kaka yake "akisoma". Gawanyeni upya hadi Novemba. Nunua pia taa ya sola au ya kuchaji, kwa kuwa umeme haukatiki kwa kufuata ratiba.

Jumamosi ya mtihani wa nyumbani

Tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, ina mitihani iliyopita na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hizi za pili hazisomwi sana, nazo ndizo zinazoonyesha mfano wa jibu zuri na jibu baya. Chapisha karatasi moja kwa wiki, afanye kuanzia saa 2:00 asubuhi kwa muda wa saa tatu, bila simu wala kusimama. Akiacha dakika 15 za kupitia majibu, karatasi ya alama 100 inampa zaidi kidogo ya dakika moja na nusu kwa kila alama: swali la alama 15 lisizidi dakika 25. Kazi yako ni kushika saa na kukusanya karatasi.

Vitendo vya sayansi haviwezekani mezani. Ulizia shuleni ni mara ngapi wamegusa vifaa wenyewe.

Wiki za mtihani

Usiku uliotangulia: kalamu mbili au tatu za bluu au nyeusi, penseli ya michoro, rula, seti ya jometri, nauli, na taulo za kike hata kama tarehe haijafika. Asubuhi ale chakula alichozoea, uji na viazi au mihogo na yai. Vinywaji vya kuongeza nguvu viachwe. Mkumbushe kuandika namba ya mtihani kila ukurasa. Akirudi, usimhoji majibu. Karatasi ya kesho ndiyo yenye alama zinazoweza kupatikana.

Kuna watu watamtumia "mtihani uliovuja" kwenye Telegram kwa malipo. Mara nyingi ni karatasi ya kubuni, na pesa hairudi. Ikiwa ni ya kweli ni hatari zaidi, kwani udanganyifu ukithibitika hufutiwa matokeo yote, si ya somo hilo pekee. Mwambie hivyo mapema, wiki moja kabla, wakati bado hajaingiwa na hofu.