Kubana mbao kwa klampu, kuanzia meza hadi daraja la gitaa

Kabla ya kushika klampu, unganisha vipande kwa mkono tu. Mwanya usipofunga, rudi kwenye randa. Kiungo kilicholazimishwa kwa skrubu ya klampu hubaki kikivutana na mwisho wake hufunguka.

1. Chagua klampu kwa kina cha mdomo na uzito wake. Ya umbo la G inatosha kazi ndogo yenye nguvu. Ya reli ndefu ni ya kuunga mbao ubavu kwa ubavu. Kwa gitaa na fidla tafuta klampu nyepesi za mbao, zenye mkono wa kugeuza na vipande vya koki (gome laini la kutengenezea vizibo) mdomoni. Hizi hazichubui sprusi, mbao laini ya uso wa gitaa. Klampu ya kubandika daraja, yaani kipande kinachoshika nyuzi juu ya uso wa gitaa, lazima ipite kwenye tundu la sauti, kwa hiyo pima kutoka ukingo wa tundu hadi daraja kabla ya kununua.

2. Bana bila gundi kwanza, na klampu zote ziachwe wazi kwa kipimo chake. PVA, gundi nyeupe ya mbao, hukupa dakika 5 hadi 10, pungufu kwenye joto. Gundi ya ngozi, itokanayo na ngozi za wanyama na kupakwa ikiwa moto, huanza kuganda ndani ya dakika moja, hivyo pasha mbao moto kidogo.

3. Kwa ubao mpana, weka klampu kila sentimita 20 hadi 25, moja juu, inayofuata chini. Zikiwa upande mmoja tu, ubao hupinda. Tia karatasi ya nta chini ya reli: chuma kikigusa gundi mbichi kwenye mwaloni huacha doa jeusi.

4. Kaza kidogo, subiri dakika moja, sahihisha vipande vilivyoteleza, kisha kaza kuanzia katikati kwenda pembeni. Unataka matone madogo ya gundi mfululizo kwenye mstari wote. Sehemu kavu ina maana gundi haikufika.

5. Daraja la gitaa ndilo linalosumbua zaidi. Kwangua vanishi yote chini yake, maana gundi inahitaji mbao tupu. Ndani ya gitaa weka kipande cha mbao kilichochongwa mifereji ya kupisha miega, yaani vijiti vinavyoimarisha uso kwa ndani. Bila mifereji hiyo shinikizo lote huiangukia miega na kuivunja. Zuia kuteleza kwa pini mbili kwenye matundu ya nyuzi. Klampu tatu zinatosha: ya katikati kwanza, kisha mabawa (ncha mbili za daraja), bila kutumia nguvu nyingi kwa kuwa uso ni mwembamba. Acha usiku kucha. Nyuzi zisubiri saa 24.

6. Ondoa gundi iliyotoka ikiwa kama mpira, baada ya nusu saa hivi, kwa patasi. Kitambaa chenye maji huisukuma kwenye vinyweleo vya mbao, na rangi haitashika hapo.

Ubao ulioungwa kwa PVA usiurande siku hiyo hiyo. Maji ya gundi huvimbisha mbao kwenye kiungo. Ukilainisha mapema, zikikauka utabaki na mfereji mwembamba unaoonekana vizuri sana chini ya vanishi.